Kisahani cha Sita

Jumatatu, 4 Mei

Kwa Bibi Mshona Mito,

Nakuarifu kwamba leo nimeagiza mito yote arobaini uliyotushonea itolewe bwenini na kurundikwa kwenye banda la kuni. Bila shaka umesikia kwamba mtoto wa kitanda cha dirishani, yule ambaye wenzake wanamwita Filimbi kwa jinsi kifua chake kinavyopiga mluzi, alilazwa hospitali wiki iliyopita. Daktari amesema ni pumu, na inachochewa na mzio wa kuvu, yaani ukungu kama ule unaoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi. Bweni langu linapigwa deki kila asubuhi. Kitu pekee kigeni kilichoingia muhula huu ni mito yako.

Nimewaeleza wazazi hivyo, na nimebandika tangazo langoni ili wasinunue kwako. Njoo uchukue mali yako.

Matroni wa Bweni la Wasichana

*

Jumanne, 5 Mei

Wewe Bi Funguo,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo watoto wanavyokuita, unavyopita na lile shada la funguo kiunoni kama mlinzi wa jela. Salamu sikupi, leo sina za kugawa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimesimama wima. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini tusi nalijua hata likivalishwa tai.

Mimi nashona mito tangu wewe hujaota meno. Sufi naichambua mbegu moja moja kwa vidole hivi, naianika, naichapa fimbo, naianika tena. Mji huu mtu akizaliwa analalia kwangu, akioa analalia kwangu, akizeeka analalia kwangu. Hata wewe, ulipokuwa na mimba ya kwanza na mgongo umekushika, nani alikushonea ule mto mrefu wa kukumbatia? Mbona hukukohoa?

Umebandika jina langu langoni, pale wanapobandika mbwa waliopotea. Haya. Mito nitakuja kuichukua. Lakini ujue jambo likishaniingia mimi halitoki kwa maji wala sabuni. Tangazo lako nitakulisha, bibiye, na utalitafuna mbele ya wazazi hao hao.

Ni mimi,
Mshona Mito

*

Jumanne hiyo hiyo

Mjukuu wangu Mdadisi,

Hujambo? Mimi mwili mzima, ila damu inachemka mpaka chai imenishinda. Nimekutilia humu barua ya matroni wa bweni. Isome ukiwa umekaa.

Sasa nisikilize. Ulipokuja likizo ulituambia kwamba huko maabara kazi yako ni kuotesha ukungu. Nilikucheka. Nilisema tumekusomesha miaka yote hiyo ukafanye kazi ambayo sufuria yangu ya uji inaifanya yenyewe ikisahauliwa. Kicheko changu nakirudisha. Ulisema mna visahani, ukiviacha wazi vinanasa vitu vya hewani, halafu vinaota mpaka mtu anaviona kwa macho. Nitumie.

Ukuta wa bafu uliopakana na bweni lile unatoka jasho mwaka mzima. Niliuona nilipopeleka mito, umepakwa rangi mbichi kama bibi harusi mwenye ndui. Nataka karatasi yenye mhuri iseme ugonjwa unatoka kwake, si kwangu. Nataka isomwe kwenye mkutano wa wazazi. Sitaki apigwe, sitaki afungwe. Nataka aone haya, kila mama amgeukie, akose pa kuweka uso wake.

Usinihubirie. Tuma visahani.

Bibi yako

*

Jumatatu, 11 Mei

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo. Barua ya matroni imeniuma hata mimi, maana nimelelewa juu ya marobota ya sufi na ninajua unavyoihangaikia.

Mkuu wangu wa kazi amekubali nikutumie visahani sita. Vimo ndani ya boksi hili. Lile rojorojo ni chakula cha kuvu, usilionje. Najua umeshalinusa.

Fanya hivi. Chagua mahali sita. Weka kisahani kwenye kitu cha kimo cha kitanda, ondoa kifuniko, uondoke. Baada ya saa moja funika, zungushia utepe, andika namba, na uniambie kila namba ilikaa wapi. Usiguse rojorojo, usikohoe juu yake, usiongee juu yake, na hili la mwisho naomba angalau ulijaribu. Kimoja kiwe nje uani, tupate cha kulinganishia. Kuvu ipo kila mahali, Bibi. Pumzi unayovuta sasa hivi ina mbegu zake, ndogo kuliko vumbi la unga, na wengi wetu hazitufanyi kitu. Mwenye mzio ndiye ambaye mwili wake unazipiga vita. Pua inachuruzika, macho yanawasha, na mwenye pumu kifua kinabana. Kwa hiyo tusiulize kama ipo. Tuulize wapi imezidi.

Tena visahani havitasema nani kamuuguza Filimbi. Hilo ni la daktari. Usivitume kazi ambayo haviwezi.

Mjukuu wako,
Mdadisi

*

Ijumaa, 15 Mei

Mdadisi,

Kazi imekwisha, na boksi unarudishiwa na dereva yule yule wa gari la dawa aliyeniletea. Nimemwambia akiliangusha nitamshonea mto wa misumari.

Nilikwenda jana mchana, watoto wako darasani. Nikasema nimefuata mito yangu, ila kwanza nitazame kama hakuna uliobaki bwenini. Bi Funguo akanifungulia bila kunitazama usoni. Baadaye akarudi kuniuliza mbona nimekaa kitandani muda wote huo. Nikamwambia magoti, mwanangu, ukifika umri huu utajua. Akaenda zake. Kisahani kilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Ulisema niondoke, sikuondoka, lakini nilifumba mdomo saa nzima. Tangu niolewe sijawahi.

Cha kwanza kilikaa uani. Cha pili katikati ya bweni. Cha tatu juu ya meza ya Bi Funguo, chumbani kwake. Cha nne kwenye kitanda cha Filimbi, chini ya ule ukuta. Cha tano kwenye ujia wa mabafu. Cha sita nimekiweka nyumbani, kwenye ghala langu la sufi, ili wazazi waone tofauti ya kwa mtu safi na kwa mtu mchafu.

Harakisha. Mkutano ni tarehe ishirini Juni. Nimeshachagua kanga ya kuvaa.

Bibi yako

*

Jumatatu, 25 Mei

Shikamoo Bibi,

Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu kwa mdomo.

Visahani vimeota. Kwanza hicho cha tatu. Mbegu zinazoanguka zenyewe kutoka hewani huota madoa ya mviringo, yametawanyika kama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Cha tatu hakina madoa. Kina mistari miwili myeusi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Bibi, katika mji mzima, nani mwenye kidole cha shahada kilichokatwa ncha na mkasi? Ulipangusa ukuta, ukaja ukapaka kwenye rojorojo. Mkuu wangu alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Nimekitupa.

Vingine ni vya kweli. Cha uani kina madoa tisa. Cha katikati ya bweni kina ishirini na manne. Cha ujia wa mabafu kina arobaini na moja. Cha kitanda cha Filimbi kina mia na kumi na tatu, mengi yao meusi. Ukuta ule ni mgonjwa kweli, hukukosea. Rangi haiui kuvu, inaivisha nguo tu. Maji yakiendelea kupenya, kuvu inaota nyuma ya rangi na kuibandua.

Cha sita nilishindwa kuhesabu. Kijani na nyeusi vimeungana, vimefunika kisahani chote na kupanda kwenye kifuniko.

Sufi ya mito ile uliianika siku ngapi?

Mdadisi

*

Alhamisi, 28 Mei

Wewe mtoto,

Nani kakwambia uhesabu cha sita? Nilikutuma ghala langu au nilikutuma bweni? Kisahani chenyewe kilikuwa kibovu, au dereva alikifungua njiani, au ninyi huko mmechanganya. Mtu anayeotesha uchafu kutwa nzima atajuaje upi ni wa nani?

Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni huku nashona. Ulilala juu ya sufi hiyo hiyo ukakua mpaka ukavaa koti jeupe. Leo koti jeupe linaniuliza nimeanika siku ngapi!

Andika karatasi. Andika uani, katikati, ujia, na kitanda cha Filimbi. Vinatosha kumzika. Cha sita kitupe huko ulikotupa cha tatu. Na ukikataa usiniite Bibi, niite jirani.

Bibi yako bado, mpaka nitakapopata jibu

*

Jumatatu, 1 Juni

Bibi,

Cha tatu nilikitupa kwa sababu ni cha uongo. Cha sita ni cha kweli, siwezi kukitupa. Nitaandika vyote vitano au sitaandika hata kimoja. Hata ukiniita jirani.

Kuna jambo jingine sikulisema. Likizo ile nilikusikia unakohoa kila ukitoka ghalani. Ulisema ni uzee. Uzee haukai ghalani, Bibi.

Mjukuu wako,
Mdadisi

*

Jumatatu, 8 Juni

Kwa Bibi Mshona Mito,

Nasikitika kukujulisha kwamba Filimbi amerudishwa hospitali jana mchana. Safari hii midomo ilibadilika rangi. Wauguzi walimwekea hewa ya mashine na sasa anapumua vizuri kidogo. Baba yake amelala kwenye benchi la wodi.

Mito yako imeondoka bwenini wiki tano zilizopita, lakini ni wazi kwamba vumbi lake limebaki, hasa baada ya wewe kuja kukaa juu ya kitanda cha mtoto huyo saa nzima bila sababu ya maana. Walimu wamekuona. Kuhusu maneno unayoyatembeza mjini juu ya ukuta wa bafu, ukuta huo nimeupaka rangi mara tatu mwaka huu, kwa hiyo hauhusiki.

Kwenye mkutano wa tarehe ishirini nitasimama kuwaeleza wazazi jambo hili kwa jina lako, na nitapendekeza mji mzima ujue. Ukitaka kujitetea, njoo.

Matroni wa Bweni la Wasichana

*

Jumanne, 9 Juni

Mdadisi mjukuu wangu,

Siku mbili.

Desturi yangu ni siku saba na jua kali. Mwaka huu mvua ilikataa kukatika, paa la ghala likawa linavuja pembeni, na muhula ulikuwa unafunguliwa. Ningeweza kumwambia Bi Funguo, subiri, sufi haijawa tayari. Kiburi hakikunipa ruhusa. Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia mteja nimechelewa. Nikaianika siku mbili, nyingine nikaimalizia jikoni juu ya moshi. Nilipokuwa naijaza mitoni ilikuwa na ubaridi. Mkono uliusikia. Mshona mito mwenye kazi yake hawezi kusema hakuusikia. Nikashona nikafunga.

Nimekuambia, usiniulize tena.

Sasa tuma karatasi yenye vyote vitano, na cha sita kiandike kwa herufi kubwa kuliko vyote. Usidhani nimeokoka. Sina toba, nina hasira. Nikienda pale na ukuta wake peke yake, atasema mito, nami nitasema ukuta, wazazi watatusikiliza kama kuku wawili wanaogombania tundu, watakwenda nyumbani, na rangi itapakwa mara ya nne. Lakini nikianza na langu, nikalimaliza lote mbele yao, yeye atajificha nyuma ya nini? Mito ndiyo nguo yake. Nataka kumvua.

Na mtoto wa watu midomo ilibadilika rangi. Hilo nalo lipo. Sikulala.

Bibi yako

*

Jumatatu, 15 Juni

Shikamoo Bibi wangu,

Karatasi imo humu, ina mhuri na sahihi ya mkuu wangu. Nimeandika herufi kubwa ili yeyote aisome bila miwani.

Nimekaa na barua yako siku nne. Nilitaka kukuambia usiende, maana nani atakuja kununua mto kwako baada ya hapo? Kisha nikasoma tena pale kwenye midomo ya mtoto, nikaipeleka karatasi igongwe mhuri.

Ombi moja. Usipasue mto wazi mbele za watu. Zile mbegu zitaruka zote, na wenye vifua dhaifu watakuwemo. Utie kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana ndani, ufunge, uingize mikono kwa chini, ndipo upasue. Wewe mwenyewe funga pua kwa kitambaa unapoingia ghalani. Mito yote na sufi yote iliyobaki humo ichomwe, mbali na nyumba. Paa lizibwe kwanza, kisha ndipo uoshe kuta. Ukiosha kabla ya kuziba unaisalimia tu kuvu.

Nitakuja mwisho wa mwezi, upende usipende.

Mdadisi

*

Jumatano, 24 Juni

Kwa Bibi,

Umeniweza.

Jumamosi ulipoingia na mto ndani ya mfuko wa plastiki nilidhani umekuja kujitetea, na majibu nilikuwa nayo. Ulisimama ukasema, "Mito ni mibovu. Niliifunga mbichi, na nilijua." Ukaupasua mto humo humo mfukoni, ukawapitishia sufi yenye madoa, mtu kwa mtu, kama unauza kitambaa. Mwalimu akasoma ile karatasi. Kisha ukamfuata baba yake Filimbi, ukamtia mkasi mkononi, ukamwambia, "Mimi cha kwangu nimepasua. Wewe nenda kakwangue ule ukuta, urudi utuambie nini kiko nyuma ya rangi." Ningesema nini, Bibi? Ningemwambia mzazi asikwangue?

Alirudi na vidole vyeusi, na hakuna aliyenisikiliza tena.

Watoto wanalala ukumbini kwa sasa. Ukuta unabomolewa na bomba lililokuwa likivuja ndani yake linang'olewa. Nami nimeambiwa nikabidhi funguo mwisho wa mwezi. Miaka kumi na minne. Niliomba fundi wa bomba mara nne, na kila mara naambiwa paka rangi kwanza, wageni wanakuja. Hilo hukulisema ukumbini kwa sababu hukuniuliza.

Nawe umepata nini? Hakuna aliyekupigia makofi. Nasikia kibao chako kimeshushwa. Umejichoma moto ili moshi uniingie mimi machoni. Sikuombi kitu. Nataka tu kuelewa ni kwa nini.

Aliyekuwa Matroni

*

Ijumaa, 26 Juni

Bi Funguo,

Umeuliza, nakujibu, kisha tusiandikiane tena.

Kibao nimekishusha mwenyewe, kwa ngazi ya kuazima, usije ukamsifu mtu mwingine. Sufi yote nimeichoma nyuma ya machimbo, mito yako arobaini na marobota sita ya kwangu. Paa linazibwa. Wateja hawaji, hiyo ni kweli, na wanaopita wanavuka upande wa pili wa barabara. Baba yake Filimbi alipita jana. Hakuniamkia. Alisimama mlangoni akasema mtoto sasa analala usiku kucha bila kukaa, akageuka akaenda. Sikumdai salamu.

Habari ya fundi wa bomba nimeisikia. Ungeisema siku ile ukumbini, ukawataja wakubwa zako kwa vyeo vyao, ningekaa chini nikafunga mfuko wangu. Hukusema. Hata kabla ya hapo, ulipobanwa, ulitafuta mtu ambaye hatakujibu, umtwike. Ukamwona kizee wa darasa la tatu. Hapo ulikosea nyumba.

Sasa unauliza kwa nini. Siku uliyobandika lile tangazo hukujua kitu. Hukufungua mto hata mmoja, hukuunusa, hukuupapasa. Ulinisingizia tu ili upate pa kupumulia. Ungenisingizia uongo, ningekutukana mwezi mzima, tungekutana sokoni, tungenuniana, baadaye tungeamkiana kama watu. Lakini ulinisingizia jambo la kweli, bibiye. Ulilirusha bila kutazama, likanipata pale pale nilipokuwa nimelificha. Hilo ndilo sikusamehei, na usinisubiri.

Mshona Mito